TAKA ZA MIONZI KATIKA MAABARA: KWA NINI HUCHAMBULIWA KABLA YA KUTUPWA

Mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei katika Hospitali ya Tosamaganga, mkoani Iringa, hana sababu ya kuhofia kwamba mashine hiyo itaacha taka za mionzi kijijini. Eksirei hutoa mionzi pale inapowashwa tu; ikizimwa, mionzi nayo hukatika. Sivyo ilivyo kwa kemikali za mionzi zinazotumiwa katika maabara za utafiti za vyuo vikuu. Hizo hazina swichi. Huendelea kutoa mionzi zikiwa ndani ya chupa, juu ya glavu na hata katika karatasi iliyofutia meza.

Nguvu ya kila kemikali hupungua nusu kwa muda wake maalumu, kisha nusu ya nusu, na kuendelea. Kwa fosforasi-32, itumiwayo katika utafiti wa mimea na chembe za urithi, muda huo ni siku 14. Kwa iodini-125 ni siku 60 hivi. Muda huo ukipita mara kumi, hubaki takriban sehemu moja katika elfu. Kwa hiyo taka za fosforasi hufungiwa katika chumba chenye kufuli kwa miezi mitano hivi, kisha hupimwa, na zikiwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa hubanduliwa alama ya mionzi na kutupwa kama taka nyingine. Kaboni-14, kwa upande wake, huchukua miaka ipatayo 5,700 kupungua nusu tu. Hakuna chuo kitakachoisubiri.

Kutokana na hayo, kosa kubwa ni kuchanganya. Glavu chache zenye kaboni zikitiwa katika pipa la fosforasi, pipa zima huweza kuhesabiwa kuwa la kaboni. Ndiyo maana uchambuzi hufanywa mezani na mtafiti mwenyewe, siku ile ile. Si kazi ya kuachiwa mfagiaji jioni. Taka kavu hutengwa na majimaji. Sindano na vigae vya chupa hutiwa katika kopo gumu. Kila chombo huandikwa jina la kemikali, kiasi na tarehe, kwani mfuko usio na tarehe hauna pa kuanzia hesabu.

Vipo pia vyanzo vikali vilivyofungwa ndani ya chuma, kama kobalti-60 na sesiamu-137. Wazanzibari wanajua faida ya mionzi: katika miaka ya 1990 mbung'o madume waliofugwa Tanga walifanywa tasa kwa mionzi na kuachiwa Unguja kwa ndege, hata kisiwa kikatangazwa mwaka 1997 kuwa hakina mbung'o tena. Lakini chanzo kilichochakaa hakiuzwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma walivunja kifaa cha tiba kilichoachwa katika kliniki iliyohama. Unga wa sesiamu uliokuwa ndani ulimeremeta gizani, watu wakagawiana kama kitu cha ajabu. Wanne walifariki, akiwamo mtoto wa miaka sita.

Hapa nchini, vyanzo vya namna hiyo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya 2003, na ghala lake kuu la taka za mionzi liko Arusha. Kutoka nyanda za Iringa ni safari ya mamia ya kilomita, na kutoka Unguja ni kuvuka bahari kwanza. Taka za siku 14 hazina haja ya safari hiyo, ilimradi hazikuchanganywa.