Bukene: Pori Lenye Akiba Chini ya Ardhi

Septemba, mvua ikiwa bado iko mbali na Unyamwezi, miombo huanza kuchipua. Majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Abiria wa treni ya Mwanza akipita Bukene, wilayani Nzega, Tabora, mwezi mmoja kabla ya hapo, huona matawi makavu tu na kudhani pori limekufa. Kumbe akiba iko mizizini.

Akiba hiyo ndiyo kampeni zetu za kupanda miti huisahau. Mtundu, mmoja wa miti ya miombo, ukikatwa, kisiki huchipua. Shamba la tumbaku lililoachwa hurudi kuwa pori bila kununua mche hata mmoja, ilimradi visiki havikung'olewa na mifugo haikuachiwa kula machipukizi. Halafu kuna moto. Wa Juni hupita juu juu. Wa Septemba au Oktoba huunguza, kwa kuwa nyasi zimekauka kabisa na miti imeshaanza kutoa majani.

Majirani wa Shinyanga walijifunza kwa gharama. Wakati wa ukoloni mapori yao yalifyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha pamba na ng'ombe wakachukua nafasi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na dawa yake kubwa ilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Visiki vilivyopumzishwa vikainuka. Mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Upande wa Tabora, mzigo mzito kwa pori ni bani, jengo la kukaushia tumbaku kwa kuni. Mrina asali naye hana usafi wote: mzinga wa gome huua mti uliochunwa, ingawa nyuki wake wanategemea maua ya miti hiyohiyo.

Wakulima wa tumbaku hutakiwa kupanda miti, na wengi huchagua mikaratusi. Kwa kuni za bani inafaa, sibishi, hukua haraka. Lakini uyoga unaouzwa kandokando ya barabara za Tabora masika huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miombo. Anayetaka kuendelea kuuchuma aache visiki shambani.