VIDEO IKIKATAA KUONEKANA, BADILI CHOMBO CHAKE



Hapa Kwa Sadala na huko Masama, sherehe nyingi siku hizi hupigwa video. Harusi, kipaimara, hata mazishi. Mpiga video akimaliza kazi hutukabidhi flashi. Tunaichomeka kwenye runinga, watoto wanakaa chini, tunasubiri. Mara runinga inaandika kwamba haiwezi kufungua faili hilo.

Wengi wetu husema tumeibiwa. Mara nyingi sivyo. Video ni nzima, ila runinga haikijui chombo chake.

CHOMBO NI NINI?

Faili la video ni kama tenga la ndizi. Ndani mna picha na sauti. Tenga ndilo linaloshika vyote pamoja. Jina la tenga huandikwa mwishoni mwa jina la faili, baada ya nukta. AVI lilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992. MKV lilianza mwaka 2002. MOV ni la kampuni ya Apple. MP4 ndilo linalokubaliwa na simu na runinga nyingi.

Kufuta herufi AVI na kuandika MP4 hakusaidii. Ni sawa na kuandika "sukari" juu ya mfuko wa chumvi.

KUHAMISHA NA KUPIKA

Kuna kazi za namna mbili. Ya kwanza ni kuhamisha ndizi kutoka tengani kwenda kwenye gunia. Ndizi ni zile zile. Kazi huisha upesi, na picha haiharibiki.

Ya pili ni kupika. Kama runinga haiijui hata namna picha zilivyofungwa ndani, mashine huzifunga upya. Hapo inachukua muda, na picha hupungua uzuri kidogo. Tena mtori haurudi kuwa ndizi! Kwa hiyo faili la kwanza usilifute kamwe.

KUBADILI KWA INTANETI

Ziko tovuti za kazi hii. Unachagua faili lako, unachagua MP4, unasubiri, kisha unalishusha. Ni rahisi, lakini angalia mambo matatu:

1. Bando. Faili la MB 500 linapanda lote, kisha linashuka tena. Jumla yaweza kufika MB 1,000.

2. Siri. Katika tovuti nyingi video yako hupelekwa kwenye mashine ya watu walio mbali. Je, ni video ya msiba? Ina watoto wa jirani? Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini picha ikishasambaa, sheria haiwezi kuikusanya yote.

3. Hila. Tovuti ikikwambia uweke programu nyingine, au ikitaka namba ya siri ya fedha za simu, ifunge.

NJIA YA NYUMBANI

Iko programu ya bure iitwayo VLC. Chanzo chake ni kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996. Ukiwa nayo kwenye kompyuta, inaonyesha video za vyombo vingi na inaweza kuvibadili bila intaneti. Video ya familia haitoki nje. Kama huna kompyuta, mwombe fundi unayemwamini, nawe ukae hapo hapo mpaka amalize.

Lililo bora zaidi ni kumwambia mpiga video mapema: "Tunataka MP4." Jaribu flashi kabla ya kumaliza kulipa. Weka nakala mbili, kila moja mahali pake. Mzee akishaondoka, huenda sauti yake imebaki humo tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kubadili herufi za mwisho hakutoshi?
2. Ni video zipi za nyumbani kwako ambazo hazifai kupelekwa kwenye intaneti?
3. Nakala ya pili utaiweka wapi?