Ngurumo ya ekzosi: Masikio ndiyo yanayolipa

UKISIMAMA jioni kando ya barabara kuu mjini Migori, ile iendayo Isebania na mpaka wa Tanzania, utalisikia gari kabla ya kuliona. Ni Subaru iliyoondolewa sailensa. Dereva akikanyaga mafuta, vijana wa stendi hushangilia. Muuza samaki huziba masikio kwa viganja, na mtoto aliye mgongoni mwa mamake hushtuka na kuanza kulia. Ukifika Homa Bay, karibu na ziwa, mambo ni yayo hayo, na giza likiingia pikipiki za bodaboda hujiunga na ngoma hiyo.

Mapenzi haya hayakuanza jana. Wengi wetu tunamkumbuka Patrick Njiru akiendesha Subaru katika Safari Rally miaka ya 1990, na mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, watu walifurika Naivasha. Kupenda mlio wa injini si kosa. Swali la ukurasa huu, ndugu msomaji, ni jingine: mlio huo analipa nani?

Mlio unatoka wapi?

Kila silinda inapochoma mafuta, moshi hutoka kwa kishindo. Katika injini nyingi za Subaru za zamani zenye turbo, silinda zimelazwa zikielekeana, na mabomba yanayopokea moshi hayana urefu sawa. Kwa hiyo vishindo havifiki kwa nafasi zinazolingana, na hapo ndipo panapozaliwa ule mngurumo wa kudunda unaopendwa sana.

Baadaye moshi hupita kwenye sailensa. Hili ni kopo lenye vyumba vidogo ndani. Mawimbi ya sauti hugonga kuta, yakarudi, yakakutana na mengine na kumalizana. Fundi akilikata kopo hilo na kuchomelea bomba lililonyooka, haongezi utamu wowote. Anaondoa tu kizuizi, na kelele yote inatoka ilivyo.

Sikio halina spea

Ndani ya sikio mna kijumba kilichojikunja kama konokono. Humo mna maelfu ya chembechembe zenye vinyweleo vinavyopeleka sauti kwenye ubongo. Kelele kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mpunga. Vikipumzishwa, huweza kuinuka. Vikilazwa mara kwa mara, chembechembe hufa, nazo hazioti tena. Gari lina spea, sikio halina.

Wataalamu wa afya kazini wana hesabu rahisi. Sikio huweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, na ikifika 100 ni dakika 15 tu.

Sasa chukua safari ya kutoka Migori hadi Homa Bay kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany. Ni mwendo wa saa moja na zaidi. Ikiwa ndani ya gari mna desibeli 94, utakapoliona ziwa masikio yako yatakuwa yamekwisha kula posho yake ya siku nzima. Na bado hujarudi.

Je, utajuaje bila kipimo? Ikiwa inakubidi upaze sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele imepita kiasi. Ukishuka garini na masikio yanavuma au yamekuwa mazito, tayari umeumia kidogo.

Sauti zinazotangulia kupotea ni zile nyembamba, kama herufi s, f na sh. Utasikia kwamba mtu anasema, lakini hutajua kama amesema "shuka" au "suka". Utaanza kuwalaumu watu kwamba wananong'ona. Na hapa pana mtego: sikio likianza kufifia, mlio uliokuridhisha mwaka jana huuoni kitu, nawe unarudi kwa fundi aongeze.

Waangalifu zaidi wawe wale waliowahi kutibiwa kifua kikuu kwa sindano za streptomaisini au kanamaisini. Dawa hizo ziliokoa maisha, lakini huweza kudhuru chembechembe zile zile za sikio. Aliyekwisha kupoteza baadhi yake hana za kuchezea.

Sumu isiyo na harufu

Hatari ya pili haipigi kelele. Moshi wa petroli una hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hujishikiza mahali pa oksijeni, nayo hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu hukosa hewa huku anapumua.

Bomba lililochomelewa ovyo huvuja kwenye maungio. Lililokatwa fupi huishia chini ya gari, na moshi hupenyeza kwenye kila tundu la sakafu na mlango wa nyuma. Watoto wanaokaa kiti cha nyuma huwa karibu zaidi. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikiwa nyote mnaumwa kichwa mkiwa garini, na mnapata nafuu mkishuka, msimeze dawa za maumivu na kuendelea na safari. Zimeni injini, tokeni nje, na aliyezidiwa apelekwe hospitali akapewe oksijeni.

Mafundi wengine hukata pia chombo cha kusafisha moshi, kile chenye matundu kama sega la nyuki. Ndicho kinachogeuza sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kuwa hewa isiyo na sumu kali hivyo. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, yenye bei kubwa. Kwa hiyo fundi akikuambia atakitoa bure, jua hakitoi bure.

Fundi naye ana masikio

Tusimsahau kijana wa jua kali anayefanya kazi hii. Yeye hulisikia kila gari linapojaribiwa, kutwa nzima. Akichomelea bomba la maji lililopakwa zinki, huvuta mvuke unaoleta homa saa chache baadaye: baridi, kutetemeka, maumivu ya mwili. Katika maeneo yetu ya malaria, ni rahisi ajidhanie ana malaria na kumeza dawa bila kupimwa. Afanyie kazi mahali penye upepo, akwangue zinki kwanza, na avae vizibo vya masikio.

Ukitaka mlio mzuri

Hakuna anayekukataza kulipenda gari lako. Mlio mzito si lazima uwe mlio mkubwa. Mwambie fundi aweke sailensa kubwa zaidi, yenye nyuzi za kufyonza sauti, badala ya kuiondoa. Chombo cha kusafisha moshi kibaki mahali pake. Maungio yazibwe barabara, na bomba litokeze nje ya bodi. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kuwaonyesha marafiki. Na kama masikio yanavuma kwa siku kadhaa, nenda hospitali ukapimwe usikivu.

Kumbuka pia kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinakataza gari kutoa mlio mkubwa usio wa kawaida, au kupita desibeli 84 linapoongeza kasi.

Dereva amechagua mwenyewe, na abiria anaweza kushuka. Mtoto yule wa mgongoni hakuulizwa, wala mgonjwa aliyelala wodini akisikia pikipiki saa nane za usiku. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huona makuu. Hawakutuambia itakuwaje kwa yule asiyesikia kabisa.