Katoni Mbili za Bibi

Mama yangu alikuwa amekalia katoni mbili za maji ya chupa nje ya geti la Bandari ya Sultan Qaboos, Matrah, na hakuwa na nia ya kuinuka. Nyuma yake milima ya Maskati ilisimama kavu, haina jani wala tone. Mbele yake, gatini, meli ya matembezi ililala nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, kama mtaa mzima uliosukumwa majini. Tulikuwa tunakwenda Salalah na kurudi, watu watatu: yeye, mimi, na binti wa kaka yangu aliyekuja likizo kutoka Unguja, mwenye miaka kumi na moja na maswali ya watu arobaini.

"Bibi, na katoni hizi watatuzuia. Halafu kwenye meli maji yapo."

"Maji ya wapi, mjukuu wangu? Wamechimba kisima humo?"

Binti akanigeukia. "Shangazi, kwani maji ya meli yanatoka wapi?"

Nanyi watoto mnaosoma, sogeeni. Niliyomweleza yeye pale kivulini ndiyo nitakayowaeleza ninyi, maana swali la Bibi si la kuchekwa. Hapa Maskati limeulizwa siku nyingi sana.

Kuna kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa mwaka 851, kinachosimulia njia za wafanyabiashara wa kwenda India na China. Mji huu umetajwa humo. Haukutajwa kwa ngome zake, kwani Jalali na Mirani mnazoziona juu ya mawe Wareno walizijenga zaidi ya miaka mia saba baadaye. Umetajwa kwa kisima. Vyombo vilivyotoka Siraf, ng'ambo ile ya Uajemi, vilitia nanga Maskati vikachota maji matamu, kisha vikaikata bahari mwezi mzima mpaka kusini mwa India. Mwezi mzima, na katikati hakuna kisima kingine. Nahodha aliyekosea hesabu ya maji hapa hakuwa na pa kuirekebisha.

"Si wangekunywa ya bahari tu?" binti akauliza.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kwenye bahari yetu hii ya joto huzidi kidogo. Hiyo ni kama vijiko sita vya chai. Figo zako haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kama ya bahari. Kwa hiyo, ili kuitoa chumvi ile, mwili hutumia maji mengi kuliko yale uliyokunywa. Unakunywa na kiu inapanda, unakunywa tena na inapanda zaidi.

Mama anayajua haya bila kitabu. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, alipanda jahazi na wazazi wake kuja huku. Alikuwa na miaka minane. Ukimwuliza habari za safari ile hatakutajia mawimbi. Atakutajia tangi la mbao lililofungwa kwa kamba karibu na mlingoti, na mzee aliyekaa kando yake usiku na mchana, mkononi ana kata ya kifuu cha nazi. Kata moja asubuhi, kata moja jioni. Kuoga na kufua ni kwa maji ya bahari. Siku za mwisho maji yaligeuka rangi ya chai yakanuka mbao mbichi, na mzee yule akawa anayachuja kwa kipande cha kanga kabla ya kumnywesha mtoto. "Hakulala mzee yule," Mama husema kila akifika hapo. "Hakulala."

Basi mtu wa namna hiyo akipanda meli na katoni mbili, msimcheke.

Lakini tushuke sasa ndani ya meli, chini kabisa, kwenye chumba cha mashine, ambako abiria hafiki. Humo bahari hugeuzwa kuwa maji ya kunywa, na njia ya kwanza mnaweza kuijaribu jikoni, mtu mzima akiwapo. Tieni chumvi kwenye sufuria ya maji, chemsheni, funikeni. Baadaye inueni kifuniko polepole na mtazame upande wake wa chini: umejaa matone. Yakishapoa, onjeni moja. Halina chumvi. Mvuke umepanda peke yake, chumvi imebaki chini.

Meli hufanya hivyohivyo, ila haina haja ya kuwasha jiko. Injini yake hupozwa kwa maji, na maji hayo hutoka humo na joto la nyuzi 80 hivi, joto ambalo lingetupwa bure. Mtasema nyuzi 80 haziwezi kuchemsha kitu, maji huchemka kwenye 100. Lakini juu ya kilele cha Kilimanjaro maji huchemka kwenye nyuzi 81 hivi, kwa sababu hewa ya kule ni haba na haiyakandamizi. Mafundi wa meli hufanya zaidi ya hapo. Hufyonza hewa kutoka kwenye chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, mpaka maji ya bahari yaliyomo yachemke kwenye nyuzi 40 au 50 tu, joto la maji ya kuogea.

"Uongo!" binti akasema. Nikafurahi, kwa sababu nami niliposikia mara ya kwanza nilisema vivyo hivyo.

Njia ya pili ni kuyasukuma maji ya bahari kwenye utando wenye matundu madogo mno, molekuli za maji zipenye na chumvi ibaki. Wataalamu huiita osmosisi kinyume. Maji hayakubali kwa hiari. Pampu huyasukuma kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 25 ya ile iliyo ndani ya tairi la gari.

Kazi hizo hufanyika meli ikiwa nje, bahari kuu. Bandarini mitambo ya maji huzimwa, kwa kuwa maji ya bandarini yana mafuta na taka za vyombo. Meli ikikaa gatini hutumia ilichoweka kwenye matangi yake, au huvuta mpira wa maji kutoka nchi kavu. Mpira huo ni wa maji ya kunywa peke yake, haufanyi kazi nyingine, na mdomo wake hufunikwa ukishatumika.

"Afadhali hayo ya nchi kavu," Bibi akadakia. Kumbe alikuwa anasikiliza muda wote.

Nikamwuliza, Mama, maji ya bomba la nyumbani kwako Maskati unadhani yanatoka wapi? Mwaka 1976 mtambo wa kuondoa chumvi ulianza kazi pale Ghubra, kwenye ufuo wa jiji hilihili, na mingine ikafuata. Leo sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Maskati yametoka baharini. Kisima kilichowatosha manahodha wa mwaka 851 hakiwezi kuunywesha mji wa sasa.

Binti alitazama bahari, akamtazama bibi yake. "Kwa hiyo Bibi anapikia chai bahari kila siku?"

Bibi hakujibu. Alitengeneza mtandio wake.

Tuje kwenye chupa. Nilichukua moja katonini nikampa binti aisome. Kuna maji ya chupa yanayotoka visima na chemchemi za milimani, kama yale yenye jina la Tanuf, kijiji cha chini ya Jabal Akhdhar karibu na Nizwa. Na kuna mengine ambayo lebo yake inasema maji ya kunywa, basi. Hayo mara nyingi ni ya bomba au ya kisima, yamepitishwa kwenye utando uleule nilioueleza na kuongezwa madini kidogo. Sitaki kuyasingizia: chupa iliyofungwa vizuri kiwandani na kuhifadhiwa kivulini ni maji mazuri. Ila huijui safari yake kabla haijafika mkononi mwako. Huku kwetu joto si mchezo. Tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, kusini mwa Maskati, usiku kucha joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku, nawaambia, si mchana. Na plastiki ikikaa kwenye joto kali siku nyingi huachia vitu vyake majini haraka zaidi. Mwenye gari aliyewahi kusahau chupa ndani anaijua ile ladha.

Halafu kuna chupa yenyewe ikishakuwa tupu. Tangu mwisho wa mwaka 1988 sheria ya kimataifa inakataza meli kutupa plastiki yoyote baharini, kwa hiyo kila chupa inayopanda lazima ishuke. Zinazoponyoka, kutoka melini au ufuoni, huelea kwenye bahari ambayo kasa hupita wakienda kutaga Ras al Jinz. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Lakini bado sijawapa lililo kubwa. Turudi melini. Maji yaliyochemshwa yakawa mvuke ni safi mno, hayana hata ladha, na hula mabomba ya chuma. Ndiyo maana huongezwa madini. Na hata yawe safi vipi yanapozaliwa, bado yanakaa matangini na kuzunguka kilomita nyingi za mabomba. Mdudu mmoja akiingia njiani, atazaana. Kwa hiyo hutiwa klorini, na si ya kukisia. Wakaguzi wa Marekani, ambao meli nyingi za abiria huwaogopa kuliko dhoruba, wanataka bombani, hata lile la mbali kabisa na matangi, ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kuna mtu wa zamu anayepima na kuandika. Na chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizoanza kutumika mwaka 2007, meli hubeba cheti cha usafi kinachodumu miezi sita, kisha hukaguliwa tena.

Nilimwambia binti, nanyi nawaambia: kujua maji yametoka wapi hakutoshi. Uliza nani anayeyalinda.

Nimelijifunza hilo kwa tumbo langu. Mwaka mmoja nilipanda boti ndogo ya matembezi ya siku moja. Juu ya paa palikuwa na tangi la plastiki la buluu, kifuniko kimelegea, jua linalipiga. Nikapewa kikombe, nikaona haya kukataa. Niliyaangalia: maangavu kabisa, yanameta. Siku mbili zilizofuata sikuinuka kitandani. Baadaye niliuliza tangi lile lilioshwa lini, na hakuna aliyejua, kila mmoja alimtazama mwenziwe. Kwenye chombo kama hicho, nunueni maji ya chupa na mhakikishe kizibo hakijafunguliwa, wala msione haya. Kwenye meli kubwa yenye kupimwa na kuandikwa, mimi najaza chupa yangu mwenyewe bombani, bure, na sinunui ile iliyopangwa vizuri chumbani kwa sababu mara nyingi ina bei yake kwenye kikaratasi. Ikiwa wahudumu wametangaza kuna hitilafu ya maji, hapo watii. Na wengi wanaoharisha melini huwa wamepata virusi vya noro kutoka kwa watu wenzao, kwa mikono, kwa vishikio vya ngazi. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kuuliza habari za maji.

Getini tuliambiwa katoni haziingii, kila abiria achukue kidogo tu. Nilidhani Mama atagombana. Akaziangalia katoni zake, kisha akawaangalia madereva wa teksi waliokuwa wakisubiri juani, akamwagiza mjukuu wake awagawie chupa mojamoja. Mbili akazitia mkobani, zake.

Usiku ule tulikuwa tumekwisha kuiacha nchi. Kwenye ukumbi wa chakula alitujia mhudumu kijana, akasikia tunavyozungumza, uso ukamchanua. Alikuwa wa Mombasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Haya maji, nani anayalinda?"

Kijana hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Aliweka jagi mezani. "Kuna fundi wa zamu huko chini, bibi. Anapima, anaandika."

"Halali?"

"Wanapokezana, bibi. Akilala huyu, yuko mwingine."

Mama aliinua glasi hadi puani. "Yananuka dawa."

"Ndiyo, bibi. Wakipima wanaitafuta hiyohiyo."

Alikunywa kidogo. Akatua. Akanywa mpaka nusu, akampa binti ile nusu iliyobaki, kwa mikono miwili, taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika. Binti akaimaliza kwa pumzi moja.

Mama akaisukuma glasi mbele ya kijana. "Nijazie," akasema. "Yote."