Kukiri na Kukubali: Tusivichanganye

Tunaposahihisha kazi za wanafunzi wetu hapa Mpumudde, hatukosi kukutana na sentensi kama hii: "Baba alikiri kunipeleka Mbale." Mwanafunzi alitaka kusema kwamba baba aliridhia safari. Alichoandika ni kwamba baba alihojiwa, akasema ndiye aliyempeleka.

Chanzo tunakiona nyumbani. Kitenzi cha Kiganda okukkiriza hubeba maana za kuamini, kukubali, kuruhusu na hata kukiri kosa. Mwanafunzi akisikia "kiri" hudhani amekutana na ndugu yake. Sivyo. Kukiri kumetoka katika Kiarabu, pamoja na nomino ikirari. Kufanana huko ni bahati tu.

Kukiri ni kutamka mwenyewe jambo ambalo baadaye huwezi kulikana. Ndiyo maana kinyume chake ni kukana, ilhali kinyume cha kukubali ni kukataa. Jambo lenyewe si lazima liwe ovu: katika barua za kiofisi huandikwa "Nakiri kupokea barua yako," na hakuna aliyekosa hapo.

Ni kweli kwamba "amekubali kosa" ni Kiswahili sahihi, na hatumkosoi anayesema hivyo. Tatizo huanza kitenzi kingine kinapofuata. Tuchukue maelezo yaliyoandikwa kituo cha polisi: "Alikubali kuingia dukani" na "Alikiri kuingia dukani." Wa kwanza alishawishiwa, akaafiki, pengine hata hakufika mlangoni. Wa pili anasema aliingia. Mwandishi akikosea neno hilo moja, mtu anaweza kufungwa kwa jambo ambalo hakulisema. Kwa Uganda hili si mchezo, kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi kwa miaka mingi, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili.

Walimu waangalie pia umbo la kitenzi. Kwa kuwa hakiishii na -a, irabu ya mwisho haibadiliki: hakiri, akiri, wasikiri. "Ni lazima akire kosa lake," tunayoisoma kila muhula, si sahihi; iwe "akiri".

Na wanaoungama? Kuungama nako ni kukiri, ila hutumika zaidi kanisani, mbele ya Mungu au padri. Mshtakiwa mahakamani hukiri, haungami.