Kidonge cha Rangi Mbili na Mashahidi Wake

Barabara itokayo Vurra, penye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko katika jimbo la West Nile, Uganda, hata ikafika Oraba, penye mpaka wa Sudan Kusini, haitimizi kilomita 100, na msafiri mwenye gari zima aweza kuimaliza kabla jua halijawa kali. Walakini katika masafa hayo mafupi hupita bidhaa za nchi tatu, sabuni na vitenge, samaki wakavu na mafuta ya kupikia, na baina ya bidhaa hizo, aghalabu ndani ya katoni isiyo na sura ya kuibagua na nyingine, hupita dawa. Mnunuzi asimamaye mbele ya duka la dawa, awe Mkakwa wa Koboko, Mlugbara wa Arua, Mnubi, au mkimbizi wa makazi ya Lobule, huonyeshwa kapsuli ya aina ile ambayo Waafrika Mashariki wengi wameipa lakabu ya "rangi mbili", naye akiiona rangi aliyoizoea hutoa fedha, hurudi kwake akiwa na amani moyoni. Amani hiyo haina msingi wowote, kwa kuwa ganda la kapsuli hupakwa rangi na yeyote apendaye, na unga uliomo ndani, uwe amoksisilini halisi au wanga wa mahindi, ni mweupe.

Ipo elimu ya kuufanya unga huo ujieleze wenyewe, nayo huitwa kromatografia, neno lililotungwa kwa Kiyunani lenye maana ya maandishi ya rangi. Mtunzi wake ni Mikhail Tswett, mwanachuoni Mrusi wa elimu ya mimea, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa Warsaw, alimimina maji ya majani mabichi juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chokaa, akafuatisha kiyeyushi chepesi, akaona kile ambacho jicho lilikiita kijani tu kikijigawa katika pete za kijani na za manjano, kila rangi ikishuka kwa mwendo wake. Kwa maana rangi iliyoshikamana sana na chokaa ilichelewa, na iliyoshikamana kidogo ilitangulia. Miaka ya 1940, mjini Oxford, mwanakemia Edward Abraham aliisafisha penisilini kwa nguzo ya namna hiyo hiyo iliyojazwa alumina, ili kuitoa katika takataka za ukungu ambao Alexander Fleming aliutambua mwaka 1928. Kwa hiyo viuavijasumu na kromatografia ni jamaa tangu utotoni.

Nguzo ya leo ni bomba la chuma kisichoshika kutu, urefu wake sentimita 15 au 25, na tundu lake halifiki milimita 5. Ndani yake mmeshindiliwa chembe za silika ambazo upana wa kila moja ni kama sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, nazo zimevikwa utando wa minyororo ya kaboni 18, kitu chenye tabia ya mafuta. Chembe hizo zimebanana kiasi cha kwamba maji hayawezi kupenya kwa uzito wao tu, na ndiyo sababu hutakiwa pampu ya kuyasukuma kwa shinikizo lililo zaidi ya mara kumi ya lile lililomo katika tairi la lori. Maji yenyewe hutiwa chumvi ya fosfeti na kadiri ya asetonitrili au methanoli, na tone dogo la dawa iliyoyeyushwa huingizwa katika mkondo huo. Amoksisilini, ambayo huyapenda maji, haikawii penye mafuta, hutoka mapema. Ampisilini, ambayo imeipungukia kwa oksijeni moja tu, hufuata nyuma yake. Na kloksasilini, iliyo rafiki wa mafuta, huja baadaye sana. Huko mwisho wa nguzo hukaa taa ya miale ambayo macho ya binadamu hayaioni, na kila dawa ipitayo huizuia kidogo miale hiyo, hata karatasini pakachorwa kilima. Dakika ya kutokea hutaja jina, na ukubwa wa kilima hutaja kiasi, ilimradi kwanza ipitishwe dawa sahihi ya kulinganishia ambayo usafi wake unajulikana. Kidonge cha kotrimoksazoli, mathalan, kile ambacho wengi hukiita Septrin, sharti kionyeshe vilima viwili, trimethoprimu ya miligramu 80 ikitangulia na sulfamethoksazoli ya miligramu 400 ikifuata.

Lakini faida ya mtambo huu niionayo kubwa kuliko zote ni kwamba hutenga dawa, kisha ukatenga na hatia. Kanuni ya Marekani huitaka kapsuli ya amoksisilini iwe na asilimia 90 hadi 120 ya kiasi kilichoandikwa. Ikiwa mahali pa amoksisilini hapana kilima kabisa, au pamesimama mgeni, basi hiyo ni dawa ya kughushi, na aliyeitengeneza ni mwizi. Ikiwa kilima kipo, ni kifupi na hakina jirani, kiwanda kilipunja. Na ikiwa kilima ni kifupi, na kandokando yake pameota vilima vidogo vidogo, basi dawa iliondoka kiwandani ikiwa kamili, ikaharibiwa na joto na unyevu; maana molekuli ya penisilini na jamaa zake ina pete ya pembe nne, ambayo ndiyo silaha yake juu ya vijidudu, na maji na joto huifungua pete hiyo, na vipande vilivyofunguka hutoka kwenye nguzo kwa saa yao. Watu wetu wamezoea kuliita kila kidonge kisichoponya "bandia", wakamtukana mwenye kiwanda kwa kosa la ghala la mabati, au wakamtukana mwenye duka kwa kosa la kiwanda. Mchoro hauwezi kusema ghala lilikuwa la nani, wala haukatai kwamba kapsuli moja yaweza kupunjwa na kuharibika pia; hata hivyo hupunguza dhuluma ya maneno. Mgonjwa, kwa upande wake, hudhurika kwa namna zote tatu, na kipimo pungufu huviacha hai vijidudu vilivyo sugu zaidi, vikazaana.

Hatari ya mpakani si dhana. Mwishoni mwa mwaka 2014, huko Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, watu walianza kufika hospitali shingo zimepindika na nyuso zimekakamaa, wakadhaniwa wana homa ya uti wa mgongo, maradhi ambayo hutibiwa kwa viuavijasumu. Hadi Agosti 2015 walioandikwa walikuwa 1,029, na 11 walifariki. Walikuwa wamemeza vidonge vilivyoitwa diazepamu, na maabara ikakuta ndani yake haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Ituri iliyoteseka hivyo imepakana na Arua, na wachuuzi wa Ariwara ya Kongo na wa Arua hutembeleana kila siku ya soko.

Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, NDA, ina afisi Arua, lakini maabara yake kuu iko Kampala, mwendo wa takriban kilomita 500 kuvuka Nile. Hutumika pia Minilab, sanduku la vifaa litokalo Ujerumani, ambalo hutenga dawa juu ya bamba jembamba badala ya nguzo. Hilo humkamata mwizi upesi, ila mpunjaji wa kiasi kidogo humponyoka. Tena sampuli iachwayo ndani ya gari lililofungwa juani hufika imebadilika, na shahidi aliyebadilika njiani hafai. Siombi mtambo kila wilaya, kwa kuwa huhitaji asetonitrili ya kuagizwa ng'ambo na umeme usiokatika, katika jimbo lililoishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa likitegemea jenereta, na tangu 2012 umeme wa maji ya mto Nyagak. Mmoja Arua, pengine pamoja na Chuo Kikuu cha Muni, ungetosha West Nile nzima.

Kwa sasa, msomaji wa Arua au Koboko ambaye dawa haikumfaa, amrudie tabibu, na kidonge kilichosalia asikitupe. Akiweke pakavu, kivulini, pamoja na boksi lake lenye namba ya toleo na jina la duka, kisha avipeleke vyote afisi ya NDA.