Kiunzi cha Seli na Protini Zinazokifunga

Elimu ya viumbe iingiapo katika Kiswahili, aghalabu jina la kitu hutangulia maelezo yake, na jina likikosewa maelezo nayo hupotoka. Mfano mmoja ni mtandao wa nyuzi uliomo ndani ya seli, ambao katika lugha za Ulaya hupewa jina lililotokana na neno lenye maana ya mifupa. Mfasiri akiuita "mifupa ya seli" hakukosa neno, lakini amempotosha msomaji. Maana mfupa hudumu miaka mingi, hali nyingi katika nyuzi hizi huundwa na kubomolewa kwa dakika chache, au hata kwa sekunde. Neno "kiunzi" liko karibu zaidi na ukweli. Latoka katika kitenzi "kuunda", kama "mapenzi" yatokavyo katika "kupenda", nalo hutaja miti iliyounganishwa kukipa chombo umbo lake. Hata hivyo kiunzi hakielezeki kwa kutaja miti peke yake. Hapana budi kutaja pia vile vinavyoifunga, kuipima na kuikata.

Uzi mwembamba kupita zote katika kiunzi hiki ni ule wa aktini. Protini hii ilitengwa kutoka katika misuli na F. B. Straub, aliyefanya kazi katika maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Szeged, Hungaria, na habari zake zikatolewa mwaka 1942. Baadaye ilidhihirika kwamba haimo katika misuli tu, bali katika seli za wanyama, za mimea na za kuvu pia. Punje moja ya aktini ina asidi-amino 375. Punje hizo hujipanga mfano wa shanga, katika safu mbili zilizosokotana kama kamba, na unene wa kamba hiyo ni nanomita 7, yaani sehemu 7 katika milioni 1 za milimita. Ncha zake mbili hazilingani: moja hukua upesi, na ya pili polepole. Kila punje huingia ikiwa imebeba ATP, kemikali yenye nishati. Baada ya kuingia, ATP hiyo huvunjika, na kwa njia hii sehemu kongwe ya uzi hutofautika na sehemu mpya.

Aktini iliyosafishwa, ikitiwa chumvi na ATP katika chupa, hujipanga yenyewe kuwa nyuzi. Lakini nyuzi hizo hazina mpango, ni kama fito zilizomwagwa uwanjani. Mpango huletwa na protini nyingine, ambazo aina zake zinazojulikana hupita 100. Kwa kuzitazama kazi zake, zaweza kugawanywa makundi machache. Kwanza ni zile zinazotunza punje ambazo hazijaingia katika uzi: thaimosini huziweka akiba, na profilini huzipeleka kwenye ncha ikuayo upesi. Pili ni zile zinazoanzisha uzi: fomini huanzisha uzi ulionyoka na kuiandama ncha yake inapokua, na Arp2/3, ambayo ni muungano wa protini 7, huanzisha tawi ubavuni mwa uzi wa zamani, kwa pembe ya karibu digrii 70. Tatu ni zile zinazoziba ncha ili uzi usirefuke. Nne ni zinazokata, kama kofilini, ambayo hushika zaidi sehemu kongwe ya uzi.

Kundi la tano ndilo linalostahili kuitwa la kufunga. Fundi mwenye fito za namna moja aweza kufanya ua, dari, au uzio wa kutegea samaki. Tofauti imo katika kufunga. Fasini hufunga nyuzi zikabanana, zikawa kama vidole vigumu vinavyochomoza nje ya seli. Alfa-aktinini huziacha zikiwa na nafasi, miyosini ikapata kuingia kati na kuzivuta, na tita zima likajikunja. Filamini, iliyo kama bawaba, huzikutanisha kwa kupishana, zikafanya wavu mlegevu. Uzi ni ule ule. Kifungo kimebadilika, na kitu kimekuwa kingine.

Ushahidi ulio wazi ulitolewa mwaka 1999 na T. P. Loisel, R. Boujemaa, D. Pantaloni na M.-F. Carlier huko Ufaransa. Bakteria wa Listeria waingiapo katika seli ya mtu huiamsha Arp2/3, nayo huwajengea nyuma yao mkia wa aktini unaowasukuma mbele. Wataalamu hao waliwatia bakteria katika mchanganyiko wa protini safi, pasipo seli, na bakteria wakaenda. Zilizohitajiwa, pamoja na ATP, ni chache: aktini, Arp2/3, protini ya kuziba na kofilini. Jambo la kuzingatiwa ni hizo mbili za mwisho. Bila ya kuziba, ukuaji hutawanyika katika ncha nyingi. Bila ya kukata, punje za kujengea hazirudi. Kubomoa, basi, ni sehemu ya kujenga.

Lakini si kila sehemu ya kiunzi hubadilika upesi. Chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa maikromita 7 au 8, hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe kwa muda wa siku 120 hivi. Chini ya ngozi yake umo wavu wa spektrini, uliofundikwa kwenye vipande vifupi vya aktini vyenye punje kama 14. Mtu akirithi kasoro katika spektrini hiyo au katika vishikizo vyake, chembe zaweza kuwa mviringo kama tufe, zikakwama na kuharibiwa katika bandama, na mwenyewe akapungukiwa na damu.

Kwa hayo, mtunga istilahi ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ngeli. "Mkataji" na "mfungaji" ni watu. Protini ni chombo, na ngeli ya KI-VI yafaa zaidi: "kikatio", "kifungio", "kizibo". "Kifungo" peke yake hakifai kuwa istilahi, kwani msomaji atafikiri habari za shati au za gereza. La pili ni kinyume cha kitenzi. Kiswahili kina jozi kama "funga" na "fungua", "ziba" na "zibua", "fuma" na "fumua", "ezeka" na "ezua", ambazo huonyesha kwamba kilichotendwa chaweza kutenduliwa. Majina ya protini moja moja, kama aktini na kofilini, na yabaki yalivyopokewa. Lakini kazi zake zikielezwa kwa jozi hizi, mwanafunzi hatadhani kwamba ndani ya seli mna mifupa.